Uzi Ndani ya Nguzo

Alhamisi asubuhi Stamena alisimama kwenye kizingiti cha jiko, mikono imejaa unga, akamtazama mumewe akipasua kuni, na moyo wake ukamwambia: huyu mtu anaondoka.

Si kwamba kupasua kuni ni jambo la ajabu. Vahram alikuwa mume wa kupasua kuni, wa kuchota maji, wa kuwasuka nywele binti zake wawili kabla hajaenda kazini kwenye ujenzi wa daraja, tena akawasuka vizuri kuliko mama yao. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hakuwahi kuchelewa chakula cha jioni bila kutuma salamu. Lakini ulikuwa bado mwezi wa nane, jua linachoma migongo ya watu, na kuni zilizopangwa ukutani zilishatosha baridi tatu. Sasa jamani, nani anapasua kuni za miaka mitatu kama anatarajia kuwepo mwakani?

Na zingekuwa kuni tu, angenyamaza. Wiki iliyopita alipanda juu ya paa akabadilisha vigae ambavyo havikuvuja. Jumatatu alimwita Araksi, binti mkubwa, mtoto wa miaka tisa, akamfundisha kusafisha dohani. Jana alirudi kutoka mjini na viatu vya watoto, jozi nne nne, kila jozi kubwa kuliko iliyotangulia. Halafu akamkabidhi Stamena karatasi yenye mhuri: nyumba sasa ilikuwa ya Stamena, jina lake peke yake.

"Ya nini hii?" alimuuliza.

"Utaratibu tu, roho yangu," Vahram alijibu, macho yake yakiangalia pembeni.

Utaratibu! Stamena hakuwa mtoto. Mwanamume akikuita roho yake huku anaangalia pembeni, kuna neno.

Chini ya mzabibu, mama yake, Bi Velika, alikuwa akimenya pilipili hoho zilizochomwa. Vidole vyake vilikwenda haraka, na ulimi ulikwenda haraka zaidi.

"Nilikwambia," alisema. "Mwaka ule nilikwambia, ukaniziba mdomo. Mgeni ni mgeni. Kaja na begi moja, ataondoka na begi moja."

"Mama, naomba usianze."

"Sianzi, namalizia. Miaka kumi na mmoja namalizia! Alikuwepo mtoto wa mwenye kinu. Ana ng'ombe, ana shamba la tumbaku, ana meno yote thelathini na mawili. Wewe ukamtaka Mwarmenia asiye hata na kaburi la babu yake la kukuonyesha."

"Huyo mtoto wa mwenye kinu anampiga mkewe."

"Lakini yupo! Anampiga, ndiyo, lakini yupo nyumbani!"

Siku nyingine Stamena angecheka mpaka ashike mbavu. Leo aliendelea kumtazama Vahram.

"Ndugu zake wako Marseilles," Bi Velika aliendelea, sauti ameishusha. "Posta kila mtu anajua wanamwandikia. Siku za mwizi arobaini, mwanangu. Nenda kamuulize, usikae hapo unamkodolea macho kama ng'ombe aliyeona treni."

Stamena alijifuta unga nusunusu kwenye aproni, akashuka ngazi.

Vahram alimwona akija, akashusha shoka. Alikuwa amekonda. Alikuwa na macho makubwa meusi ambayo siku ya kwanza, sokoni Plovdiv, yalimtazama Stamena mpaka akasahau bei ya mayai yake mwenyewe. Macho hayo leo yalikuwa na weusi chini yake, ya mtu asiyelala.

"Ni nani huyo?" Stamena aliuliza.

"Nani?"

"Huyo unayeniachia nyumba kwa ajili yake. Mwanamke? Au ni Marseilles? Sema tu. Nimeshajiandaa."

Hakuwa amejiandaa hata kidogo.

Vahram alianza kucheka, kicheko kikakatika. "Marseilles niende nikafanye nini bila nyinyi? Nikahesabu meli?"

"Basi kuni hizi za nani?"

"Za nyumba."

"Baridi tatu, Vahram! Na viatu? Penka ana miaka minne, umemnunulia viatu vya miaka saba. Unadhani mimi kipofu? Unamfundisha mtoto wa miaka tisa kusafisha dohani, baba yake kafa?"

Neno lilimtoka kwa hasira tu, kama linavyomtoka mtu yeyote. Lakini Vahram aligeuka rangi. Alikaa juu ya gogo la kupasulia kuni, akaweka mikono yake mikubwa juu ya magoti, akaiangalia.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza.

"Thelathini. Usibadilishe mazungumzo."

"Jumapili siku zinatimia arobaini," alisema taratibu. "Tangu tulipofunga lile jiwe la chini, nguzo ya katikati ya daraja."

Ngoja nikwambie kitu kuhusu watu wa milima ile. Mwanamke aliyezaliwa kando ya mto Arda akisikia arobaini na daraja katika pumzi moja, haulizi mara mbili. Waashi wa huko wanaamini nguzo inayoanguka inadai roho. Zamani za mababu, wanasema, walikuwa wakimjengea mtu mzimamzima ndani ya mawe. Siku hizi wanajenga kivuli. Mtu anapimwa kivuli chake kwa uzi, yeye hana habari, uzi unapigwa mafundo mawili na kufungiwa ndani ya ukuta, nguzo inasimama. Na yule mwenye kivuli hatimizi siku arobaini. Na ile nguzo ya katikati ilikuwa imeshachukuliwa na mto mara mbili.

Stamena alishika shina la mzabibu.

"Walikupima?"

"Hapana. Hawakunipima mimi."

"Basi nini?"

"Walikupima wewe."

Kuku walikuwa wakichakura kwenye maganda ya magogo. Stamena aliwasikia kuku hao kwa uwazi wa ajabu, kila kucha.

"Siku ile uliyoniletea maharage," Vahram alisema. "Ulisimama unaniambia jino la Penka linauma. Ulikuwa umevaa kitambaa cha njano. Mzee wa waashi, Trendafil, akainama nyuma yako, nikadhani ameangusha msumari. Kumbe anatandaza uzi. Alipouviringisha akaupiga mafundo mawili, nikaelewa."

"Na hukusema kitu!"

"Niseme nini? Nimeshasema mara nyingi kwamba huo ni upuuzi. Nimewasomea hesabu za maji, nimewaonyesha mwamba uko wapi, wananiitikia, 'Ndiyo Injinia, ndiyo Injinia,' halafu wanarudi kutafuta kivuli. Ningemfokea, angekana. Kisha angekupima tena siku nyingine nisiyoona. Nikangoja waende kula. Uzi ulikuwa kwenye kopo la bati, ndani ya tundu la jiwe. Nikautoa."

"Ukautoa." Stamena alivuta pumzi. "Sasa si umekwisha mchezo? Kuna nini tena?"

Vahram aliyageuza macho kwenye kuni.

"Vahram. Uliweka nini badala yake?"

Alimtazama, na mara hii hakukwepesha macho. Stamena alijua jibu kabla halijatoka.

"Wangu."

Stamena hakupiga kelele. Alimpiga kofi. Halafu akamshika uso kwa mikono hiyohiyo yenye unga, akawa hajui anataka kumkumbatia au kumpiga la pili.

"Kwa nini hukuweka uzi mtupu? Uzi wowote! Nyumba imejaa uzi, mimi nafuma soksi mwaka mzima!"

"Nilifikiria hilo. Nilipiga hesabu."

"Hesabu!"

"Sikiliza. Kama ni upuuzi, wangu hauna madhara. Kama si upuuzi, uzi mtupu unaacha mto na njaa yake, na mto umeshaahidiwa wewe. Utakutafuta." Sauti yake ilipasuka. "Ukizigeuza vyovyote hizo hesabu, jibu ni moja. Nilisimama pale juani nikajipima mwenyewe, nikapiga mafundo mawili, nikafunga kopo. Nikajisifu kwamba mimi siamini. Wiki ya kwanza nililala vizuri. Ya pili nikanunua vigae."

"Unaamini."

"Mimi ni injinia."

"Umepasua kuni za baridi tatu, Vahram!"

Alifunika uso. Mabega yakamtikisika. Stamena alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya mwanamume huyu, ambaye alivuka mipaka mitatu kwa miguu akiwa kijana, akazika mama yake njiani, akasoma michoro kwa mwanga wa taa za stesheni, na kwa yote hayo hakuna aliyempa kazi ya maana mpaka daraja hili. Kama likisimama, atapewa kazi ya kudumu na familia itabaki. Kama lisiposimama, hati yake ya ukimbizi haitamlinda. Alimpenda kwa uchungu, na kwa hasira vilevile.

"Uliniuliza?" alimnong'oneza. "Ulikuja hata mara moja ukaniuliza, Stamena, unataka niondoke badala yako? Ungesikia jibu langu. Baba Araksi, mimi nifanye nini na kuni?"

"Nilitaka mpate joto."

"Wangu uko wapi? Uzi wangu."

Alisita. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa saa wa kizibao, akatoa mviringo mdogo wa sufu nyekundu.

"Mbona hukuuchoma?"

"Nilijaribu mara mbili." Alikuwa kama mtu anayeungama. "Ni urefu wako. Sikuweza kuutia motoni."

Hapo ndipo Stamena alipolia. Lakini hakulia sana. Aliunyakua ule uzi, akasimama, akakung'uta sketi, akafungua lango.

"Unakwenda wapi?" Vahram aliruka.

"Mtoni."

"Stamena, subiri! Tume ya kukagua daraja inakuja Jumamosi!"

"Ije!"

Bi Velika, aliyekuwa amesikia kila neno kwa sababu hakuna siku aliyowahi kutosikia, aliacha bakuli la pilipili jinsi lilivyo akamfuata binti yake. Kwa miguu yake mibovu ile alimpita mkwewe njiani.

Waashi walikuwa wakila chini ya mbao za jukwaa la ujenzi, watu thelathini wamezunguka sufuria. Mto ulikuwa chini, mwembamba, mpole, na nguzo ya katikati ilisimama humo imenyooka na nyeupe, imezidi kimo cha watu watatu, ikingoja matao. Mzee Trendafil, fundi mkuu, alimwona Stamena akivuka ubao, akafuta masharubu, akainuka kwa heshima. Alikuwa mtu mwema, huyu mzee. Mwaka jana alianguka kutoka jukwaani akavunjika mguu, na Vahram alimbeba mgongoni saa mbili nzima mpaka kwa daktari. Tangu siku hiyo alikuwa akimwita mwanangu, na alikuwa akimwekea kipande cha nyama kabla ya kujiwekea mwenyewe.

"Karibu, binti. Leo umetuletea nini?"

Stamena aliuachia uzi, ukaning'inia kwenye vidole vyake mpaka chini.

"Mafundo haya ni ya nani?"

Vijiko vilisimama. Mzee aliangalia yale mafundo mawili, mdomo ukamfunguka.

"Umeutoa wapi huo?"

"Wewe uliuweka wapi?"

"Binti, mimi sijui..."

"Usiniambie hujui! Nilikuja hapa na sufuria kichwani. Ulikula maharage yangu ukashukuru, ukaniombea heri kwa watoto. Uliniombea kabla au baada ya kunipima?"

Wanaume thelathini waliinamisha vichwa. Uzee wote ulimjia Trendafil usoni kwa mpigo.

"Nguzo imeanguka mara mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Mara ya pili ilimchukua mpwa wangu. Lazima awepo mtu. Wa kwanza kufika asubuhi ndiye. Sikukuchagua mimi."

"Haya, nimesikia. Sasa niambie. Uzi wangu huu hapa mkononi. Ule ulioko ndani ni wa nani?"

Mzee hakuelewa. Kisha alimwona Vahram akifika nyuma ya Stamena anahema, shati limetoka, unga wa mikono ya mkewe bado uko mashavuni. Alimwangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anayekisia urefu, maana ndiyo kazi yake.

"Injinia," alisema. "Sema si wewe."

"Mzee, ni kipande cha uzi tu. Endeleeni kula."

"Sema si wewe, mwanangu!"

Vahram alitazama ile nguzo. Trendafil alifanya ishara ya msalaba, akazunguka huku na huku akitafuta kitu. Alichokuwa akitafuta kilikuwa nyundo.

"Hapana!" Vahram alimwahi, akasimama kati yake na nguzo, maji yanamfika magotini. "Hilo ni jiwe la kona, limebeba kila kitu. Ukilibandua nguzo itapasuka hadi juu. Itabidi tuanze majini upya, na mvua za vuli ziko mlangoni. Mzee, nakuomba. Wakiona ufa Jumamosi mimi nimekwisha."

"Utakuwa umekwisha Jumapili!" mzee alifoka, na machozi yalikuwa yanamchuruzika ndani ya masharubu. "Nilipima mwanamke! Sikukupima wewe! Ondoka hapo!"

Stamena aliyasikia maneno hayo yakampita mwilini kama maji ya barafu. Nilipima mwanamke. Mzee aliyasema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema alikusudia kuchinja kuku, bahati mbaya akamkuta mbwa wa nyumbani. Angekuwa yeye, Stamena, mtu aliyezaliwa kijiji hiki, hawa wote wangemaliza maharage yao na siku ya arobaini wangekuja mazishini wamevua kofia. Kati ya watu wote waliokuwa pale, mgeni peke yake ndiye aliyekataa. Alijua hatawasamehe, na hakuona sababu ya kujilazimisha.

Aliingia mtoni na viatu vyake, akamshika mumewe mkono, akamvuta.

"Mwache avunje."

"Stamena, miaka miwili ya kazi..."

"Mwache."

Alimvuta tena, na safari hii Vahram alikuja. Trendafil aliweka patasi kwenye kiungio cha chokaa, akapiga. Akapiga tena, kwa woga, mkono wa fundi ukikataa kuharibu kazi yake mwenyewe.

"Piga kwa nguvu, wewe!" Bi Velika alipaza sauti kutoka ukingoni, sketi ameikusanya kwa mikono miwili. "Unagonga kama unabisha hodi! Ni mkwe wangu huyo!"

Nyundo ilishuka kwa nguvu. Waashi wawili waliinuka wakashika mtaimbo bila kuambiwa. Jiwe liliguna, likatoka, likaanguka majini, na hapohapo ukasikika mlio mdogo mkavu ukipanda ndani ya nguzo. Ufa ulionekana juu ya tundu, mwembamba, ukakwea mawe manne, ukatulia. Vahram alifumba macho. Mzee alitia mkono tunduni hadi begani, akatoa kopo la bati, akampa Stamena bila kumtazama usoni.

Stamena alilifungua. Uzi ulikuwa mkavu, mwekundu. Aliushika pamoja na wake, akaziingiza nyuzi zote mbili kifuani, ndani ya blauzi, mahali ambapo hakuna fundi angethubutu kuzitafuta.

Waashi walianza kukusanya vifaa vyao. Hakuna aliyesema wanaondoka, lakini kila mtu alijua kwamba hawatalala hapa tena, kando ya nguzo isiyo na kivuli ndani yake. Trendafil alikaa juu ya mawe, kofia ameivua, nyundo imelala miguuni pake. Vahram alibaki amesimama palepale majini, anautazama ule ufa jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa wake.

"Sina kazi tena," alisema.

"Nimesikia."

"Stamena, huelewi. Sina kazi, sina daraja, na huenda tukaambiwa tuhame."

"Naelewa vizuri sana. Jumapili utakuwa hai na huna kazi. Jumatatu utakuwa hai na huna kazi. Mimi nimeridhika na hesabu hiyo." Alimgeuza uso kwa kiganja, akamlazimisha amwangalie. "Wewe umeridhika?"

Alitamani kusikia ndiyo. Alitamani kwa mwili mzima.

Vahram alimwangalia, kisha macho yakamponyoka yakarudi kwenye nguzo.

"Bado," alisema. "Lakini usiniachie mkono."